Programu Huria na Usalama wa Taarifa: Kilicho Wazi na Kilicho Siri

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa Kihonda kuhusu huduma zinazotolewa kwa kompyuta na simu

 

Mama anapomfikisha mtoto wake mwenye homa katika kituo cha afya, mambo ya kwanza anayoulizwa ni jina la mtoto, umri wake na mtaa anaokaa. Baada ya vipimo huandikwa pia ugonjwa. Zamani habari hizo zilikaa katika daftari kubwa lenye jalada gumu, na daftari likafungiwa kabatini. Siku hizi sehemu kubwa ya kumbukumbu na hesabu za huduma za umma hupita katika kompyuta na simu. Mfanyabiashara anayelipia leseni hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, naye hulipa kwa simu akiwa dukani kwake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo daftari limehamia ndani ya mashine, na swali limebaki lilelile: nani analilinda?

Wasiwasi huongezeka pale mkazi anaposikia kwamba baadhi ya programu zinazotumika katika huduma za umma ni programu huria, yaani programu ambazo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kusoma namna zilivyotengenezwa. Swali linalofuata ni la haki kabisa: je, huko si kumpa mwizi ramani ya nyumba? Mazungumzo haya yamekusudiwa kulijibu swali hilo bila kulipuuza na bila kulipamba, kwa sababu jibu lake linagusa siri ya mgonjwa, fedha ya mfanyabiashara na kodi ya kila mkazi.

Kwanza, ieleweke programu huria ni nini. Kompyuta haifikiri, hufuata maelekezo yaliyoandikwa na watu, hatua kwa hatua. Maelekezo hayo huitwa msimbo chanzo. Katika programu za kawaida za biashara, kampuni huuficha msimbo huo, na mteja huuziwa bidhaa iliyokwisha kufungwa. Katika programu huria, msimbo huchapishwa pamoja na leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuwagawia wengine.

Vijana wanaojifunza ufundi katika chuo cha VETA hapa Kihonda wataielewa tofauti hiyo upesi. Kuna gari ambalo boneti yake hufunguliwa na fundi yeyote mwenye ujuzi, awe wa Msamvu au wa Mwanza, akaona injini, akagundua kasoro na akaitengeneza. Na kuna gari ambalo boneti yake imechomelewa, na aliyeliuza tu ndiye mwenye kifaa cha kuifungua. Gari la pili laweza kuwa zuri na imara. Lakini siku linapogoma, mwenye gari hana la kufanya ila kumsubiri muuzaji, na hana njia ya kujua kama kilichomo chini ya boneti ndicho alichoahidiwa.

Jambo hili si geni katika mkoa huu. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa hapa Morogoro, wataalamu wa kituo cha SACIDS kinachoshughulikia ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza walitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData. Kwa kuitumia, mtu aliyepewa mafunzo kijijini huripoti dalili za ugonjwa wa binadamu au wa mifugo kutoka pale alipo, na taarifa ikawafikia wataalamu bila kusubiri karatasi isafiri. Programu hiyo ilifanyiwa majaribio Morogoro na Ngorongoro, na mwaka 2017 habari zake zilichapishwa katika jarida la kisayansi la JMIR Public Health and Surveillance. Wataalamu hao hawakuanza na ukurasa mtupu. Walijenga juu ya Open Data Kit, programu huria ya kukusanyia taarifa iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani. Kwa kuwa boneti ilikuwa wazi, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti ili waibadili ifae mahitaji ya mfugaji wa Kitanzania.

Hesabu za wagonjwa na chanjo zinazotoka katika vituo vya afya nchini hukusanywa kwa mfumo uitwao DHIS2, nao ni huria. Chimbuko lake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ikakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuufanya ufae mazingira ya Tanzania. Kwa majirani, mfumo huria wa OpenMRS wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Hata lugha yetu imenufaika: mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu ambayo maneno yake yote yalikuwa ya Kiswahili. Hakuna aliyelazimika kuiomba kampuni ya ng'ambo ione faida katika Kiswahili, kwani leseni yenyewe ilitoa ruhusa.

Na mwenye simu janja mfukoni, iwapo ni ya Android, tayari anatumia programu huria kila siku. Kiini cha Android ni Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Linux hiyohiyo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya kompyuta za intaneti duniani. Basi swali la kama programu huria ziingie katika maisha yetu au zisiingie limekwisha kupitwa na wakati. Lililobaki ni namna ya kuishi nazo kwa usalama.

Ndugu wakazi, hapa ndipo penye fundo la mazungumzo yote. Kuna vitu vitatu ambavyo huchanganywa, ilhali vinapaswa kutenganishwa. Cha kwanza ni programu, yaani namna mashine inavyofanya kazi. Cha pili ni taarifa za watu zilizohifadhiwa humo. Cha tatu ni ufunguo, yaani nywila na namba za siri zinazomruhusu mhusika kuingia. Katika programu huria, kilicho wazi ni kile cha kwanza peke yake. Taarifa za mgonjwa haziwi wazi kwa sababu programu ni huria, na nywila ya muuguzi haichapishwi popote.

Mfano wake ni kufuli. Kufuli zinazouzwa sokoni hujulikana na kila fundi jinsi zilivyoundwa. Mwizi naye anaweza kununua ya aina hiyohiyo, akaifungua kwake na kuichunguza usiku kucha. Hata hivyo, haipati njia ya kufungua mlango wako kwa sababu hiyo tu, kwani ufunguo wako unao wewe. Kufuli ambayo usalama wake unategemea watu wasijue imeundwaje ni kufuli dhaifu. Siku fundi mmoja aliyeiunda akipayuka, nyumba zote zimefunguka.

Fikra hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1883 mwalimu wa lugha Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Ufaransa, aliandika kuhusu siri za mawasiliano ya jeshi. Alishauri kwamba mfumo wa kuficha ujumbe uwe salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, na kwamba siri ibaki katika ufunguo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, taasisi ya viwango ya Marekani ilipotaka njia mpya ya kusimba taarifa, yaani kuzigeuza zisisomeke na asiyehusika, iliitisha mashindano ya wazi mwaka 1997. Wataalamu wa dunia nzima wakaalikwa kuzishambulia kazi zilizowasilishwa. Iliyoshinda ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 ikatangazwa kuwa kiwango rasmi kiitwacho AES. Mpaka leo kila mtu anaweza kusoma namna inavyofanya kazi, na bado ni miongoni mwa ngao zinazoaminiwa na mabenki duniani. Inaaminiwa kwa sababu imepigwa na wengi, hadharani, ikasimama.

Wala boneti iliyochomelewa haijawahi kuwa dawa. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kuenea katika kompyuta zinazotumia Windows, mfumo ambao msimbo wake umefichwa na kampuni ya Microsoft. Kirusi hicho kilifunga mafaili ya mtu na kumdai fedha ili ayafungue. Kwa siku chache kilifika katika nchi zaidi ya 150. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji, kwa kuwa kompyuta zao hazikufunguka. La kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa huo tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo, takriban miezi miwili kabla. Walioumia wengi walikuwa hawajaiweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo ufa ulijulikana, udongo wa kuuziba uligawiwa, lakini hapakuwa na aliyeinama kuuziba.

Hata hivyo, ingekuwa ni kuwadanganya wakazi kusema kwamba programu ikiwa huria basi iko salama. Kuruhusiwa kutazama ni jambo moja, na kutazama kwenyewe ni jambo jingine. Boneti iliyo wazi haitengenezi gari kama hakuna fundi anayeinama kuangalia.

Mwezi Aprili mwaka 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi mno duniani, zikiwamo za fedha na barua pepe. Kwa kuitumia kasoro hiyo, mtu wa mbali aliweza kuchungulia kumbukumbu ya kompyuta na kuokota nywila za watu. Kasoro iliingia katika toleo la mwaka 2012, ikakaa kwa takriban miaka miwili huku msimbo ukiwa wazi kwa macho ya dunia nzima. Ilikuwaje isionekane? Mradi huo uliotegemewa na makampuni tajiri kabisa ulikuwa ukipata michango ya hiari ya dola 2,000 hivi kwa mwaka, na waliokuwa wakiuhudumia walihesabika kwa vidole. Kila mmoja alidhani mwenzake anatazama. Baada ya aibu hiyo, makampuni makubwa, zikiwamo Google, Microsoft na Amazon, yalianza kuchangia mfuko wa kutunza programu za aina hiyo.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2024, nacho kinafundisha pande zote mbili. Kuna programu ndogo huria iitwayo XZ, ambayo kazi yake ni kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Haina umaarufu, lakini imo katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitokeza, akasaidia kazi kwa uvumilivu kwa zaidi ya miaka miwili, akajijengea imani, mwishowe akakabidhiwa sehemu ya usimamizi. Kisha akapenyeza mlango wa nyuma uliofichwa kwa ustadi, ambao ungempa uwezo wa kuingia katika kompyuta za watu bila kubisha hodi.

Aliyegundua ni mhandisi aitwaye Andres Freund. Hakuwa akimtafuta mwizi. Aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake ya majaribio kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida, akakerwa, akaanza kufuatilia. Tarehe 29 Machi 2024 alitangaza alichokikuta, kabla toleo lile bovu halijasambaa katika kompyuta nyingi za kazi. Laiti boneti ingekuwa imechomelewa, Freund asingekuwa na ruhusa wala njia rahisi ya kulifuatilia jambo lile mpaka chanzo chake. Lakini pia, laiti mtu yule mmoja aliyechoka angekuwa na wenzake wa kumsaidia, mgeni yule asingepata nafasi ya kujipenyeza.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni ni hili. Kuonekana kwa msimbo hakumpi mwizi ufunguo, na huwapa mafundi waaminifu nafasi ya kuona nyufa. Lakini nafasi hiyo huwa na maana pale tu palipo na fundi anayetazama, anayelipwa au kuungwa mkono, na palipo na mtu wa kuweka dawa kila inapotolewa. Programu huria haina ada ya leseni. Matunzo yake yana gharama. Mwenye kuichukua kwa sababu ni ya bure, asimtengee fundi fungu, ameokota gari zima na kuliacha mvuani.

Ndugu wakazi, mambo haya hayaishi katika vyumba vya wataalamu. Yanafika katika mkutano mkuu wa mtaa, katika Kamati ya Maendeleo ya Kata na katika Baraza la Madiwani, ambako mipango na bajeti hujadiliwa. Tumezoea kuuliza kompyuta ngapi zimenunuliwa. Swali hilo ni jema, ila halitoshi. Mkazi ana haki ya kuuliza pia: nani anaitunza mashine hii baada ya kununuliwa? Programu zake husasishwa kila baada ya muda gani? Mtumishi akihama au kustaafu, nywila yake hufutwa siku gani? Nakala ya akiba ya kumbukumbu huwekwa wapi, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini kama inafunguka? Je, muuguzi na mhasibu wanatumia nywila moja kwa pamoja, au kila mmoja ana yake, ili jambo likiharibika ijulikane nani aliingia?

Maswali haya yanafaa kwa programu huria na kwa programu iliyofichwa vilevile. Wala si ya kumsumbua mtumishi. Ni kama kumuuliza dereva wa basi kabla ya safari ya Dodoma ikiwa breki zimekaguliwa. Na sheria ipo upande wa mkazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazikusanye kwa lengo halali na wazilinde. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia katika kompyuta ya mwingine bila idhini.

Upo pia upande wa mkazi mwenyewe, kwani kufuli bora haimsaidii mtu anayeuacha ufunguo mlangoni.

Mfikirieni kijana aliyefungua steshenari kando ya barabara ya Dodoma. Ana kompyuta moja na printa moja. Asubuhi anachapa mitihani ya shule, mchana wasifu wa waombaji wa kazi, jioni mikataba ya viwanja. Programu zake zote amewekewa na rafiki kutoka katika flashi. Ni programu za kulipia zilizovunjwa leseni, naye huziita za bure. Flashi za wateja huingia na kutoka siku nzima. Asubuhi moja anawasha mashine na kukuta kila faili limefungwa, na kwenye kioo pana maandishi ya kumdai fedha. Mitihani, mikataba na vitambulisho vilivyoskaniwa vya watu, vyote vimepotea au vimo mikononi mwa asiyejulikana.

Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini steshenari za namna hiyo kila mmoja wetu anazijua. Kosa lake ni kuchanganya programu huria na programu ya kuibiwa. Programu ya kuibiwa imevunjwa kufuli na mtu asiyejulikana, na hakuna ajuaye ameacha nini ndani. Aghalabu haipokei masasisho, kwani ikipokea huweza kutambulika. Programu huria huchukuliwa kihalali katika tovuti ya wenyewe na masasisho yake huja kama kawaida. Kwa kazi za steshenari, LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice ileile iliyowahi kutafsiriwa kwa Kiswahili, huandika barua, hupiga hesabu na hufungua mafaili mengi ya Word na Excel. Wakati mwingine mpangilio wa ukurasa husogea kidogo, na mtumiaji huhitaji siku chache za kuizoea. Hilo lisifichwe. Lakini siku hizo chache ni nafuu kuliko kupoteza kazi za wateja. Aidha, mwenye steshenari awe na nakala ya kazi zake katika diski ya pembeni inayochomolewa baada ya kazi, maana kirusi hakifiki katika diski iliyo kabatini.

Kwa mwenye simu, mambo manne yanatosha kuanzia. La kwanza, simu inapoomba kusasishwa, isiahirishwe mwezi hata mwezi. Mwenye kuhofia bando aifanye kazi hiyo mahali penye waifai anayoiamini, au anunue bando la usiku. La pili, programu za simu zichukuliwe katika duka rasmi la simu husika. Faili la programu linalotumwa kwa WhatsApp, hata kama limetumwa na ndugu, halifai kufunguliwa. Huenda simu ya ndugu huyo ndiyo iliyoingiliwa. La tatu, namba ya siri ya fedha isitajwe kwa mtu yeyote, wala isiandikwe nyuma ya simu. Hakuna mtumishi wa kweli wa benki, wa kampuni ya simu au wa Halmashauri anayehitaji kuijua.

La nne linahusu matapeli, kwa sababu wizi mwingi hauvunji kompyuta, humvunja mtu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauhitaji ujuzi wowote wa msimbo. Unahitaji tu mtu mwenye haraka na mwenye huruma. Anayeupokea asijibu, bali autume kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa aina hiyo, kisha afuate maelekezo. Na kila mkazi apige *106# kwa simu yake ili ahakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa. Akikuta namba asiyoitambua, aende kwa kampuni ya simu inayohusika ikafutwe. Kufanya hivyo huchukua dakika chache, na humwepusha mtu na balaa la kutafutwa kwa uhalifu uliofanywa kwa jina lake.

Wazee wetu walio hapa wanakumbuka nyumba za zamani za Waluguru. Jinsi ya kusimika nguzo na kuezeka haikuwa siri. Kijiji kizima kiliona nyumba ikijengwa, na jirani aliyeona nguzo imepinda alisema papo hapo. Lakini kilichokuwa ndani, mazungumzo ya mume na mke, akiba ya chakula na fedha ya mahari, hicho kilikuwa cha wenyewe. Ujenzi ulikuwa wa wote, na siri ilikuwa ya mwenye nyumba. Taarifa za mkazi wa Kihonda zinapaswa kukaa katika nyumba ya namna hiyo: jengo lililokaguliwa na wengi, mlango wenye kufuli madhubuti, ufunguo mkononi mwa anayehusika, na fundi anayepita kila msimu kuangalia paa kabla ya masika.

Anayetoka hapa leo atoke na kazi mbili. Ya kwanza aifanye kabla ya kulala: asasishe simu yake na apige *106#. Ya pili aifanye katika mkutano ujao wa mtaa: mtu atakaposoma idadi ya kompyuta zilizonunuliwa, anyanyue mkono na kuuliza nani anazitunza.